Unataka udaktari Marekani? Pitia haya kabla hujachagua chuo cha digrii ya kwanza

Mama mdogo wangu yuko Tanga, na kila akipiga WhatsApp swali ni lile lile, "mwanangu, mwaka wa tatu huu, umeshaanza kutibu watu?" Mimi wakati ule nasoma saikolojia na kemia kwenye chuo cha kawaida tu, nikimwambia mama hata fomu ya udaktari sijajaza bado, anakaa kimya alafu ananiuliza kama nakula vizuri. Simlaumu. Nyumbani mtoto akimaliza form six na PCB yake safi anaingia Muhimbili au Bugando moja kwa moja, miaka mitano ya MD, mwaka mmoja wa intern, tayari daktari. Huku mtoni haiko hivyo. Unasoma kwanza digrii ya kawaida miaka minne, ndo unaomba shule ya udaktari miaka mingine minne, alafu residensi (mafunzo ya kazini hospitalini baada ya shule ya udaktari) isiyopungua miaka mitatu na kwa upasuaji ni mitano kwenda mbele.

Kwahiyo chuo unachochagua ukiwa na miaka 17 au 18 sio chuo cha udaktari, ni mahali pa kupata maksi, barua za maprofesa na uzoefu wa kukupeleka huko mbele, na utoke bila deni la kukuvunja mgongo. Nawaandikia wadogo zangu mlioko high school huku Texas, Minnesota, Maryland, Lexington na kwingine, pamoja na wazazi wenu, maana najua nyumba nyingi uamuzi huu unafanyika sebuleni na kila mjomba ana neno lake. Mimi nimepita huko, sasa niko mwaka wa tatu wa udaktari, na kuna vitu nilivielewa nikiwa nimeshachelewa.

Hatua ya 1: Anza na makaratasi yako, kabla ya jina la chuo chochote

Hii watu wanaona aibu kuiongelea ila ndo inayoamua kila kitu. Kama ni raia au una grini kadi, njia iko wazi, unajaza FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali, unapata msaada na mikopo ya serikali, na shule za udaktari zinakuhesabu sawa na wenzako. Kama uko kwa viza ya mwanafunzi, ile F-1, tuambiane ukweli, shule nyingi za udaktari Marekani hazipokei kabisa waombaji wa kigeni, zinazopokea ni chache na baadhi zinataka uonyeshe hela ya ada ya miaka kadhaa imekaa benki kabla hujaanza darasa la kwanza. Na mikopo ya serikali hupati.

Sasa mzazi aliyeko Dar anayetaka kuuza kiwanja amlete mtoto asome biolojia huku ili "awe daktari Marekani", naomba asimame hapo kwanza. Kwa mtoto wa namna hiyo mara nyingi ni afadhali asome MD nyumbani, au MBChB Nairobi au Makerere, alafu afanye mitihani ya USMLE, ile ya leseni ya udaktari Marekani, apate cheti cha ECFMG, kile cha madaktari waliosoma nje, na kuomba residensi huku. Ni njia ngumu, ushindani mkali, ila anafika akiwa tayari daktari na sio mtu mwenye digrii ya biolojia na viza inayokaribia kuisha.

Kama kesi yako ya asailamu, yaani ombi la hifadhi ya ukimbizi, bado haijaamuliwa, muulize wakili wako kuhusu msaada wa masomo kabla hujajaza fomu yoyote. Usimuulize jirani.

Hatua ya 2: Elewa wanaangalia nini huko mbele

Kwa mwaka wanaoomba shule za MD ni kama elfu 50 na kidogo, wanaoingia ni elfu 23 hivi. Kitu cha kwanza wanachoona ni namba mbili, GPA, yaani wastani wa maksi zako za chuo, na MCAT, ule mtihani wa kuombea udaktari. MCAT inaanzia 472 inaishia 528, na wanaoingia wastani wao uko kwenye 511 au 512. GPA ya wanaoingia wastani ni karibu na 3.8. Hizo ni wastani, sio kwamba chini ya hapo umekufa, na shule za DO (osteopathia, njia ya pili ya udaktari huku) wastani wake uko chini kidogo, na DO ni daktari kamili Marekani, anaandika dawa, anapasua, usikubali mtu akuambie vingine.

Hapa kwenye GPA ndo pana mtego. Fomu ya AMCAS, ile ya kuombea shule za MD, inakokotoa GPA upya yenyewe, na inahesabu kila kozi ya chuo uliyowahi kusoma hata zile za kuchukua ukiwa bado high school. Ukifeli kozi ukairudia, chuo chako kinaweza kufuta ile ya zamani kwenye karatasi yao lakini AMCAS inahesabu zote mbili, ile D na ile A. Hakuna kufuta.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Mwaka wa kwanza krediti 30, umeyumba, umetoka na 2.8. Ukaamka, krediti 90 zilizobaki ukapiga 3.8 mfululizo, miaka mitatu hulali. Mwisho wake ni 3.55. Miaka mitatu ya jasho na bado ule mwaka mmoja unakuvuta shati. Ndo maana nasema chuo kizuri kwako ni kile ambacho mwaka wa kwanza hautakuzamisha, na hilo halina uhusiano sana na jina lililoandikwa getini.

Na jina lenyewe lina uzito kiasi gani? Upo, sitadanganya, chuo kikubwa kinasaidia kidogo, utafiti ni mwingi na milango iko karibu. Lakini mwenye 3.3 kutoka chuo cha jina na mwenye 3.85 kutoka chuo cha jimbo ambacho shangazi yako hajawahi kukisikia, mara nyingi wa pili ndo anaitwa intavyuu.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya miaka minane, sio minne

Niwaeleze ilivyokuwa kwetu. Ni Aprili, meza ya jikoni ya apatimenti, mama katoka shifti ya usiku bado ana skrabu za zambarau, zile sare za hospitali, na soksi za kubana miguu, baba ni dereva wa lori kapitia nyumbani siku mbili. Mezani kuna barua mbili. Moja ya chuo binafsi chenye jina, wameandika kwa herufi kubwa "hongera, umepata udhamini wa dola 28,000 kwa mwaka", tukapiga vigelegele. Ya pili ya chuo cha jimbo dakika 35 kutoka nyumbani, udhamini wao mdogo hata haujapewa herufi nzito. Baba akavua miwani akauliza, "sasa inabaki ngapi?"

Hilo swali la baba ndo hatua yenyewe. Usiangalie wamekupa ngapi, angalia inabaki ngapi. Kile cha jina ilibaki dola 31,000 kila mwaka, bweni na chakula ndani. Kile cha jimbo, nikilala nyumbani, ilibaki kama 6,000. Zidisha mara nne, 124,000 kwa 24,000. Tofauti ni dola laki moja kamili na udaktari haujaanza hata siku moja. Nikajitetea, "baba, hiki chuo kinajulikana mpaka Bongo." Akasema, "Bongo watakulipia?" Mama akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye barua, na hapo nilijua nimeshindwa. Nilinuna kama wiki mbili hivi.

Leo hesabu hiyo ina uzito kuliko wakati wangu. Sheria iliyopitishwa Julai 2025 imefuta mkopo wa Grad PLUS kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026. Zamani mwanafunzi wa udaktari aliweza kukopa serikalini mpaka gharama yote ya shule iishe. Sasa kuna kikomo, dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla kwa wanaosomea fani kama udaktari, na shule nyingi ukijumlisha ada, nyumba na chakula zinapita hiyo 50,000 kwa mbali. Kinachozidi unaenda kukopa benki binafsi, na benki wanataka historia ya krediti na mdhamini wa kusaini. Huyo mdhamini ni nani, ni mama yako mwenye skrabu za zambarau. Mkopo wa wazazi nao, Parent PLUS, umewekewa kikomo cha 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja. Kwahiyo uwezo wa kukopa wa familia ni kama debe la maji, ukilimaliza kwenye digrii ya kwanza utaoga na nini huko mbele.

Lakini msikimbie majina makubwa kwa woga pia, hapa ndo watu wetu wanakosea upande wa pili. Vyuo tajiri sana ndo wakati mwingine vya bei rahisi kuliko vyote kwa familia ya kipato cha chini. Harvard kuanzia mwaka wa masomo 2025/2026, familia yenye kipato cha dola 100,000 kushuka hailipi kitu, wala bweni wala chakula. Princeton nao wana utaratibu wa namna hiyo. Kuna programu ya QuestBridge inayounganisha watoto wa kipato cha chini na vyuo vya aina hiyo kwa ufadhili kamili, fomu zake zinafungwa mapema, Septemba ya mwaka wa mwisho wa high school, wakati wenzako ndo kwanza wanashtuka. Kinachoumiza ni vile vya katikati, jina la wastani, bei ya Harvard, udhamini wa kukupaka mafuta.

Karibu kila chuo kinalazimishwa na sheria kuweka kikokotoo cha bei halisi kwenye tovuti yake. Kaa na mzazi, chukua fomu ya kodi ya mwaka jana, jaza. Dakika kumi na tano tu.

Hatua ya 4: Angalia jimbo unaloishi

Shule za udaktari za majimbo zinapendelea watoto wa jimbo lao, na sio siri, imeandikwa. Texas shule za jimbo haziruhusiwi kupokea watu wa nje zaidi ya asilimia 10, na zina fomu yao wenyewe, TMDSAS, na ada zake ni za chini ukilinganisha na sehemu nyingi. Shule ya Brody pale East Carolina inachukua wakazi wa North Carolina tu. Chuo cha Washington kule Seattle kimejengwa kuhudumia majimbo matano, Washington, Wyoming, Alaska, Montana na Idaho, ukitokea Ohio huko unabahatisha.

Maana yake kwako? Ukiwa bado tegemezi wa wazazi, ukazi wako kwa kawaida unafuata wazazi, kwahiyo kusoma digrii jimbo lingine hakukufanyi mkazi wa huko. Na kama wazazi wanaongelea kuhama, mjomba kapata nyumba Arizona na hali ya hewa nzuri, waombeni wafikirie tarehe. Kuna jamaa tulisoma naye, wazazi walihama Texas mwaka ule ule anaoomba, akajikuta ana kazi ya kuthibitisha ukazi kwa karatasi mwezi mzima wakati wenzake wanaandika insha.

Hatua ya 5: Uliza maswali ambayo brosha haijibu

Utaenda kutembelea chuo, utapewa fulana na kalamu, na mtu atasimama mbele aseme "asilimia 85 ya wanafunzi wetu wanaoomba udaktari wanaingia". Wazazi wote wanatikisa kichwa. Hapo ndo pa kunyoosha mkono. Uliza, mwaka wa kwanza walianza wangapi wakisema wanataka udaktari?

Maana inaweza kuwa hivi, huu ni mfano wangu tu. Wameanza 300. Kemia ya mwaka wa kwanza na ile ya oganiki zimewafyeka, wamebaki 60. Alafu chuo kina kamati inayoandika barua ya mapendekezo, kamati imekubali kuwaandikia 40 wenye GPA nzuri, wengine wameambiwa subirini mwaka mwingine. Wameingia 34. Asilimia 85, kweli kabisa, na wale 260 hawapo kwenye brosha. Mimi nilimuuliza dada mmoja wa ofisi ya ushauri swali hilo, sio chuo nilichosoma, akatabasamu akasema hawaweki hizo rekodi. Sawa, nikajua.

Mengine ya kuuliza, na usiwaulize ofisi peke yake, tafuta wanafunzi wa mwaka wa tatu kantini:

Barua ya kamati anapewa kila mtu au wanachuja kwa GPA?

Darasa la kemia ya mwaka wa kwanza lina watu wangapi? Ukumbi wangu ulikuwa na watu karibu 400, profesa kwa mbali kama kadole. Sasa shule ya udaktari inataka barua, kwa kawaida mbili za maprofesa wa sayansi na moja ya asiye wa sayansi, huyo kadole atakuandikia nini? Mimi niliokoka kwa sababu nilikuwa naenda ofisini kwake kila Jumatano saa nane mchana hata kama sina swali, natunga swali kwenye ngazi. Vyuo vidogo vyenye madarasa ya watu 25 hapo vinawashinda vikubwa mbali.

Gredi zinagawanywaje? Kuna madarasa ambayo A zimewekewa idadi, hata mkipata 90 wote lazima wengine washuke. Na kama kila mtu pembeni yako ana nia ya udaktari, unashindana nao.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuingia maabara ya utafiti, au nafasi zote ni za wanaosoma PhD?

Kuna msaada wa kufundishwa wa bure, na watu kweli wanaenda, au ni chumba chenye taa tu?

Kwenye hili la kubeba wanafunzi wao mpaka mwisho, acha nikitaje pia Xavier University of Louisiana pale New Orleans. Ni chuo kidogo, cha Weusi, na kwa miaka mingi kimekuwa juu kabisa kwa kupeleka wanafunzi Weusi shule za udaktari, kinavishinda vyuo vyenye pesa na wanafunzi mara kumi yake. Siri yao haina uchawi, wanasoma kwa vikundi na kemia inafundishwa ili ufaulu. Watu wetu wengi hawavifikirii hivi vyuo, sijui kwanini.

Hatua ya 6: Chuo cha jamii, ndio au hapana

Komuniti koleji ni rahisi, iko karibu, na mtu anabeba boksi huku anasoma. Sio dhambi. Ila baadhi ya shule za udaktari hazipendi kuona sayansi zote ngumu umezisomea huko. Kama lazima uanzie huko kwa ajili ya hela, soma Kiingereza, historia, hesabu, saikolojia, hata kemia ya kwanza, alafu kemia ya oganiki, biokemia na biolojia za juu ufanyie chuo cha miaka minne na upate A huko. Hapo hakuna wa kukuuliza kitu. Vivyo hivyo krediti za AP, zile kozi za kiwango cha chuo unazosoma high school, kuna shule za udaktari hazizikubali badala ya sayansi, kwahiyo chunga unaruka nini.

Hatua ya 7: Meja, na ile hadithi ya "somea unesi kwanza"

Hakuna meja, yaani somo kuu la digrii, inayoitwa udaktari. Shule zinataka kozi fulani tu, kwa ujumla mwaka wa biolojia, mwaka wa kemia ya kawaida, mwaka wa oganiki, mwaka wa fizikia, zote na maabara, biokemia, Kiingereza, na takwimu au hesabu. Ukishapita hizo soma historia, soma Kifaransa, soma muziki. Wenye digrii za sanaa na historia wanaingia kwa kiwango kisichopungua cha wale wa biolojia. Wewe chagua unachoweza kukipatia A na ambacho udaktari ukikupa kisogo utapata nacho kazi.

Sasa unesi. Kila nyumba ya Waafrika Mashariki huku kuna mtu atasema soma unesi kwanza upate hela, udaktari baadaye. Unesi ni kazi ya heshima na inalipa, ukitaka unesi soma unesi. Lakini kama ngazi ya kupandia udaktari ni ngazi imelegea. Kemia ya programu nyingi za unesi sio ile inayokubalika, fizikia haimo, oganiki haimo, na ratiba ya wodini inakula siku ambazo ungesoma hizo. Nawajua walioweza. Nawajua zaidi waliosema baadaye, na baadaye ikaja na bili za nyumba na watoto wawili.

Zile programu za kuunganisha, unaingia toka high school na nafasi ya udaktari tayari, zipo, Missouri pale Kansas City wana ya miaka 6, Brown wana ya miaka 8. Omba kama una maksi za kutisha, nafasi ni chache mno, usizifanye ndo mpango wako wote.

Hatua ya 8: Chuo kiwe karibu na wagonjwa

Shule za udaktari zinataka kuona umekaa na wagonjwa, sio umekaa na cheti. Chuo kilicho porini bila hospitali na wewe huna gari, utateseka. Jifanyie ramani, hospitali, kliniki na nyumba za wazee umbali gani na basi lipo?

Na hapa wabongo tuna mtaji tunauonea haya. Kazi ya CNA, ile ya kuosha na kugeuza wazee ambayo mama zetu wamefanya miaka yote, inahesabika kama uzoefu wa kitabibu, mafunzo yake ni ya wiki chache na unalipwa. Nilifanya wikiendi miaka miwili. Kuna mzee mmoja alikuwa hali chakula mpaka umkunjie kitambaa pembe tatu uweke upande wa kushoto, ukikosea anafunga mdomo. Wauguzi waliandika amekataa kula. Mama ndo alinionyesha kitambaa. Kwenye intavyuu tatu kati ya nne niliulizwa kuhusu kazi hiyo, hakuna aliyeniuliza kuhusu utafiti wangu.

Kiswahili nacho ni mtaji. Sehemu kama Lexington na Louisville kule Kentucky, Houston, Dallas, kuna Wakongomani wengi waliokuja kama wakimbizi na hospitali zinatafuta wakalimani. Soma kozi ya ukalimani wa kitabibu, ni saa 40, usiingie chumbani na Kiswahili cha nyumbani peke yake, kwanza kuna sheria za siri ya mgonjwa, na pili Kiswahili cha Bukavu sio cha Tanga, utaambiwa tarehe ya kuzaliwa kwa Kifaransa na utabaki umetoa macho.

Hatua ya 9: Aprili

Barua zote zikifika, tengeneza karatasi moja, kila chuo mstari wake, inabaki ngapi kwa mwaka baada ya misaada isiyorudishwa, mikopo usiihesabu kama msaada hata kama wameiandika humo humo kuwachanganya. Pembeni andika ukubwa wa darasa la kemia, barua ya kamati, hospitali iko dakika ngapi. Angalia pia kama udhamini una masharti, kuna unaodai ubaki na 3.5 kila mwaka na ukishuka unaondoka mwaka wa pili ukiwa umeshazama.

Alafu kabla hujakubali kokote andika barua kwa ofisi ya msaada wa fedha ya kile unachokipenda. Vyuo vingi mwisho wa kuthibitisha ni Mei 1, wewe iandike wiki ya kwanza ya Aprili. Waeleze kilichobadilika nyumbani, saa za kazi za mzazi zimepunguzwa, mnatuma hela ya matibabu ya bibi kila mwezi, weka risiti za kutuma hela, weka na barua ya chuo kingine kilichokupa zaidi. Kwa adabu, ukurasa mmoja. Mimi kile chuo cha jina waliniongezea dola 4,000, ikabaki 27,000. Baba aliisoma simu akiwa kituo cha mafuta Oklahoma, akajibu kwa meseji ya neno moja, "mara nne?"